Gari linagonga chini: namna ya kukagua usukani na miguu ya gari la zamani, hatua kwa hatua

Gari langu liligonga wiki tatu nzima kabla ya kuanguka. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, "ko", kila asubuhi nilipokuwa natoka nyumbani Isamilo, Mwanza, na tairi la mbele kushoto kushukia kwenye mtaro. Nikalipeleka gereji. Fundi akalitingisha likiwa limesimama chini, akasema ni linki ya stabilaiza (kijiti kinachoshika kile chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona), haina madhara, nirudi mwisho wa mwezi nikipata hela.

Siku lilipoachia nilikuwa narudi nyuma, mwendo wa mtu anayetembea. Nilikata usukani, nikasikia chuma kikichomoka, na kona ya mbele ya gari ikakaa chini. Nilipotoka nikakuta tairi limelala upande kama mguu uliovunjika kwenye kifundo. Boljointi, kile kifundo kinachoshika tairi kwenye mguu wa gari, ilikuwa imetoka kwenye kikombe chake, shafti inayozungusha tairi imechomoka kwenye giaboksi, na oili inatiririka juu ya mawe. Dakika kumi baadaye ningekuwa nateremka mlima na watoto wawili kiti cha nyuma.

Fundi aliyelitengeneza ni mzee wa Nyakato, na ndiye aliyenifundisha karibu yote yaliyomo humu. Kabla hajashika spana aliniambia: "Mama, mlio ni mmoja lakini vinavyogonga ni vingi. Usikubali jina la spea kabla hujaona kitu kinacheza." Nimelishika neno hilo. Ukaguzi wote ninaoueleza unaweza kuufanya mwenyewe nyumbani, hata kama hutafungua nati hata moja. Ukienda gereji ukijua kinachocheza ni kipi, utatengenezewa hicho.

Kwanza ujue kipi kinaua

Magari mengi madogo tunayoendesha Mwanza, Corolla, Spacio, Raum, Carina na ndugu zao, yana mguu wa mbele wa aina moja. Juu kuna shokapu iliyozungukwa na springi. Chini kuna wishboni, lile bapa la chuma lililofungwa kwenye bodi kwa bushi mbili za mpira. Mwisho wa wishboni kuna boljointi, kifundo kinachobeba tairi lizunguke unapokata kona. Usukani nao unashuka hadi kwenye raki, chuma cha meno kinachosogea kushoto na kulia unapokata usukani. Raki ina kiungio kiitwacho raki endi kila upande, na mwisho wake kuna tairodi inayosukuma na kuvuta tairi.

Boljointi, tairodi na raki endi hizo usizikopee siku. Kimoja kikiachia, tairi halikusikilizi tena, na hakuna ufundi wa udereva utakaolirudisha. Beringi ya tairi iko karibu na kundi hilo. Bushi za wishboni zinafuata: zikiisha, gari linayumba ukifunga breki. Linki za stabilaiza, bushi za stabilaiza na maunti za shokapu (vishikio vyake vya juu) zinapiga kelele sana kuliko vyote, lakini hazikuangushi leo. Tatizo ni kwamba kelele za linki na za boljointi zinafanana mno ukiwa umekaa ndani, na ndiyo maana fundi wangu wa kwanza alikosea. Alisikiliza, hakushika.

Sikiliza, lakini sikio likuelekeze tu

Zima redio, fungua vioo, pita taratibu kando ya ukuta ili mlio ukurudie. Mlio mwepesi wa "kata-kata" kwenye vijishimo vidogo, huku kwenye lami safi kukiwa kimya, mara nyingi ni linki. Mlio mmoja mzito wa kugonga unapofunga breki, na mwingine unapoondoka, ni bushi za wishboni. Ukikata usukani gari likiwa limesimama na kusikia "gruu" au springi kuruka, shuku beringi ya maunti ya juu ya shokapu. "Ta-ta-ta-ta" unapokata kona kali huku unakanyaga mafuta ni sivijointi ya nje, kile kifundo cha shafti upande wa tairi. Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na kubadilika ukilielemeza gari upande mmoja, ni beringi.

Mlio wa kugonga unaousikia mikononi, kwenye usukani wenyewe, unatoka kwenye raki, raki endi, tairodi au ile krosi ndogo, kiungio cha shina la usukani kilicho karibu na pedeli.

Huku kwetu kuna kipimo cha bure: zile barabara za mawe za milimani, Mabatini, Bugando, Isamilo. Mawe yanatingisha mguu harakaharaka, na spea iliyolegea haifichiki. Ila jua kwamba mlima wenyewe ndio unaoimaliza spea. Gari lililojaa, likiwa kwenye mteremko, usukani umekatwa hadi mwisho, hapo boljointi na raki zinabeba kazi kubwa. Mvua ikishakula kifusi na kuacha makorongo, mwezi mmoja wa milimani ni mzigo mzito kuliko miezi mingi ya lami ya barabara ya Nyerere hadi Igoma.

Kuandaa gari

Lioshe chini siku moja kabla. Tope likikauka kwenye mpira wa vumbi, kile kifuniko cha mpira cha boljointi, hutaona kama umechanika. Lioshe kwenye kituo cha kuoshea, usilipeleke ziwani. Oili na grisi inayotoka chini ya gari inaishia kwenye maji tunayochota na samaki tunaokula, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Tafuta sehemu tambarare kabisa. Mwanza hilo si jambo dogo. Kama kwako ni mlimani, omba nafasi kwa mtu wa Pasiansi au Nyegezi, usijaribu kupiga jeki kwenye mteremko. Vuta handibreki, ingiza gia, weka vizuizi nyuma na mbele ya matairi yanayobaki chini. Upime upepo wa matairi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa sababu tairi laini linaiga karibu kila ugonjwa wa usukani.

Utahitaji jeki, stendi mbili za chuma, wili spana, tochi, nondo au mtaimbo mfupi, na mtu wa pili. Stendi si anasa. Jeki inaweza kuvuja au kuteleza, na mawe tuliyonayo kila kona, pamoja na tofali, hupasuka ghafla chini ya uzito. Usiingize hata mkono chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake.

Gari likiwa chini

Anza na matairi, maana yanaandika historia. Pitisha kiganja juu ya kashata, ule uso wa tairi wenye mifereji, kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, tairi linaburutwa kiubavu: tairodi imecheza au alaimenti (mwelekeo wa matairi) imetoka. Likiwa limeliwa ukingo wa ndani peke yake, chungulia bushi za wishboni. Mabonde mabonde kuzunguka tairi yanaonyesha shokapu imechoka, tairi linarukaruka badala ya kukanyaga.

Kisha pima mchezo, yaani ulegevu, wa usukani. Washa injini kama gari lina pawa stering, nyoosha matairi, zungusha usukani kidogo kwa kidole kushoto na kulia hadi uone tairi linaanza kusogea. Toyota kwa magari mengi madogo imeweka ukomo wa milimita 30 kwenye duara la usukani. Ukizidisha hapo, kuna kitu kimelegea.

Sasa mtu wa pili aendelee kuzungusha usukani kidogokidogo, kushoto, kulia, bila kusita, nawe uchuchumae pembeni uchungulie nyuma ya tairi. Shika tairodi kwa vidole mahali inapokutana na chuma kinachobeba tairi. Ikiwa nzima, vyuma viwili vinakwenda pamoja. Ikiwa imekufa, utasikia "tk" ndani ya vidole kabla ya tairi kusogea. Ukishaisikia mara moja hutaisahau. Fanya hivyo hivyo kwa kushika ule mpira wenye mikunjo wa raki, utasikia raki endi. Hakikisha mwenzako hakati usukani wote wakati mkono wako uko pale.

Akiwa bado anazungusha, weka kiganja juu ya springi. Springi inatakiwa kugeuka taratibu na shokapu. Ikijikaza kisha ikaruka, beringi ya maunti imeota kutu.

Kipimo cha kukandamiza kona ya gari na kuliachia kifanye, lakini usikitegemee sana. Likiruka zaidi ya mara mbili shokapu imekufa, lakini likitulia haimaanishi ni nzima. Afadhali uangalie kama oili imelowesha mwili wa shokapu na kukamata vumbi.

Gari likiwa hewani

Piga jeki upande mmoja, weka stendi, tairi lining'inie. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta kwa nguvu. Kama linacheza, usitaje jina la spea bado. Mwambie mwenzako akanyage breki na ashikilie, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imefunga tairi na habu (kile kitovu kinachoshika tairi) pamoja. Mchezo ukibaki, ni boljointi. Kipimo hiki kidogo cha breki ndicho ambacho gari langu halikufanyiwa.

Shika sasa kushoto na kulia, tikisa. Mchezo hapa ni tairodi au raki endi, isipokuwa kama ulikuwepo pia juu na chini na ukapotea kwa breki, hapo ni beringi tena.

Zungusha tairi kwa mkono huku kiganja kingine kimegusa springi. Beringi iliyokwaruzika utaihisi kwenye springi kama mchanga, hata kama sikio halisikii kitu.

Mwisho weka ncha ya nondo kati ya wishboni na chuma kinachobeba tairi, inua taratibu. Kwa mguu wa aina hii boljointi haibebi uzito wa gari, uzito uko kwenye shokapu na springi, kwa hiyo haipaswi kuonyesha mwachano wowote unaoonekana kwa macho. Ikifunguka na kufunga kama mdomo, gari halitoki hapo. Angalia pia mpira wake wa vumbi. Ukichanika, grisi inatoka na maji ya tope yanaingia, na boljointi iliyokuwa nzima inakwisha haraka sana, hasa wakati wa masika.

Kwa zile Hilux, Hiace na magari mengine ambayo springi au tosheni baa (nondo inayosokotwa badala ya springi) inakandamiza wishboni ya chini, ukiliinua kwa bodi mchezo unajificha kwa sababu boljointi bado imebanwa. Weka jeki chini ya wishboni yenyewe, karibu na tairi, ndipo utikise.

Bushi za wishboni zimulike kwa tochi na kuzisukuma kwa nondo. Nyufa za juu juu ni uzee wa kawaida. Mpira ulioachana na chuma, huo umekwisha.

Matengenezo ya mtaani, lipi ukubali

Nawaheshimu mafundi wetu. Wamefufua magari ambayo kwingine yangekuwa vyuma chakavu. Lakini nimeona kikombe cha boljointi kikigongwa kwa nyundo pembeni ili kibane, na nyingine ikichomelewa. Hilo kataa. Chuma kilichopigwa hivyo kitabana siku chache, halafu kitafunguka bila hata kugonga. Boljointi na tairodi za mtumba nazo kataa, hata zikiwa zimetoka Japani, kwa sababu huwezi kujua zimebakiza nini.

Wishboni ya mtumba iliyonyooka ni sawa, ukiiwekea bushi mpya. Shokapu za mtumba ni bahati nasibu: ukilazimika, chukua kavu isiyo na oili, ikandamize ikiwa wima, ishuke kwa ulaini na iwe nzito mwendo wote, bila kulegea ghafla popote. Bushi za kuchongesha kwa raba za matairi zinavumilika kwenye springi za pikapu, si kwenye wishboni ya gari dogo, maana zikiwa ngumu kupita kiasi mtikisiko wote unahamia kwenye chuma.

Kuhusu spesa za kuinua gari: najua kwa nini tunaziweka, matuta na mawe hayana huruma. Ila ujue kila sentimita unayoongeza inapinda pembe ya shafti, boljointi na tairodi. Boljointi inaanza kufanya kazi ikiwa karibu na mwisho wa mzunguko wake. Ukiweka, weka fupi, kisha ukague mguu mara nyingi zaidi ya mwenzako asiyeweka.

Kubadilisha tairodi mwenyewe

Hii ni kazi ya asubuhi moja. Jana yake paka mafuta ya kulainisha kutu kwenye nyuzi. Legeza nati za tairi gari likiwa chini, inua, weka stendi, toa tairi.

Safisha nyuzi kwa brashi ya waya. Weka alama ya rangi mahali ilipo nati ya kufungia, ile inayobana tairodi kwenye raki endi, kisha ilegeze robo mzunguko tu, ibaki kama kumbukumbu yako. Chomoa kotapini, ile pini inayozuia nati isifunguke. Legeza nati ya tairodi hadi iwe sawa na ncha ya bolti, usiitoe yote. Sasa piga nyundo ubavuni mwa jicho la chuma lililoshika tairodi, wala usipige nyuzi. Nyundo ya pili ikiwa imeegemezwa upande wa pili, mapigo machache mazito yanatosha, inaruka yenyewe, na ile nati uliyoiacha inaizuia isidondoke.

Toa nati, zungusha tairodi ukihesabu mizunguko. Andika namba hiyo. Mpya iingize kwa idadi ileile. Shina lake na tundu lake viwe vikavu na visafi, usipake grisi hapo, kwa sababu kinachoshika ni chuma kwa chuma. Kaza nati. Kwa Corolla nyingi za zamani ni karibu kilo 5 (alama ya kgf·m) kwenye spana ya kupimia. Tundu la kotapini lisipolingana na mfereji wa nati, kaza mbele kidogo hadi lilingane, usilegeze kurudi nyuma. Kotapini iwe mpya. Msumari au waya wa kufungia nondo si kotapini.

Boljointi na wishboni ukimpa fundi

Kwenye Corolla na Spacio za zamani boljointi imefungwa kwenye wishboni kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo inabadilishwa bila kushusha wishboni. Magari mengine inakuja imeshindiliwa au pamoja na wishboni nzima. Uliza kabla ya kununua.

Simama uangalie jambo moja. Wishboni ikirudishwa, bolti za bushi ziingizwe zikiwa legelege, gari lishushwe likanyage kwa matairi yake, ndipo zikazwe mwisho. Zikikazwa mguu ukining'inia, mpira wa bushi unakaa umejisokota siku zote gari likiwa barabarani, na utachanika mapema sana. Mafundi wengi wana haraka hapa. Mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba hizi tuzikaze gari likiwa chini," na usiondoke.

Shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Kufungua springi bila kibano maalumu usijaribu kabisa. Springi iliyobanwa ikifyatuka inavunja taya.

Alaimenti iwe ya mwisho. Kuipima gari likiwa na tairodi au bushi iliyolegea ni kupima kitu ambacho kitasogea ukitoka mlangoni. Ukimaliza spea, nenda, na omba uonyeshwe vipimo vya kabla na baada.

Likikuachia njiani

Usukani ukilegea ghafla au tairi likianza kutetemeka vibaya, achia mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, punguza kwa breki taratibu bila kukanyaga kwa pupa, elekea kushoto. Washa taa za tahadhari, shusha watu wasimame mbali na lami. Usiendeshe "hadi hapo mbele tu".

Boljointi ikishachomoka, usikubali irudishwe mpya halafu uondoke. Dai zikaguliwe pia shafti na sili yake kwenye giaboksi, kiwango cha oili, mpira wa breki (paipu ya mafuta ya breki) ambao huenda umevutika, tairodi kama imepinda, na waya wa sensa ya ABS kama upo. Kwangu mpira wa breki ulikuwa umechanika nusu, na gereji ya kwanza isingeuona.

Baada ya kazi, nati za tairi zikazwe kwa mkingamo, moja kisha ile ya upande wa pili, kilo 10.5 (kgf·m) kwa Toyota ndogo nyingi, na zirudiwe baada ya kilomita 100 hivi. Mimi hulijaribu gari kwanza kwenye lami tambarare ya Makongoro kuelekea uwanja wa ndege, naachia usukani kidogo nione kama linavuta upande. Kisha napandisha Isamilo kwenye mawe, vioo wazi. Wiki moja baadaye naliinua tena, nashika tairi juu na chini, na mwanangu mkubwa anakanyaga breki.